Karatasi Niliyoichomoa

Utrecht, Uholanzi
14 Januari 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo.

Barua ya Mama niliipata siku mbili kabla ya Krismasi, nami nimeisoma mara nne. Anaeleza kwamba unaamka mara sita kwa usiku mmoja kwenda haja ndogo, na kwamba husimama muda mrefu ukisubiri kitu kisichokuja. Anaeleza pia kwamba daktari wa Ifakara alitaka kwanza akupime kwa kidole, kisha akate kipande cha nyama kipelekwe kuchunguzwa, nawe ukachukua kofia yako na kupanda basi la Mlimba bila kuaga. Najua kwamba mtoto hapaswi kuyataja mambo haya mbele ya baba yake. Lakini ulinisomesha kwa mshahara wa karani wa mizani, miaka ishirini na mitatu ukipima miwa isiyo yako. Elimu hiyo ikikaa kimya leo, ilikuwa na faida gani?

Kwa hiyo nakutumia dawa. Sista Konsolata, ambaye amemaliza masomo yake hapa na anarejea Ifakara, amekubali kuibeba. Inaitwa finasteridi. Umeze kidonge kimoja kila asubuhi, pasipo kuruka hata siku moja.

Najua hujawahi kuukubali mzani kabla ya kuyaona mawe yake, hivyo nakueleza. Mwili wa mwanamume hutengeneza homoni iitwayo testosteroni. Homoni hiyo inapofika katika tezi dume, au katika ngozi ya kichwa, hukutana na kimeng'enya kinachoigeuza kuwa homoni nyingine, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo inayoinenepesha tezi mpaka ikabana njia ya mkojo, na ndiyo hiyo hiyo inayoziua nywele za utosini. Dawa hii humfunga mikono yule mgeuzaji. Homoni ya pili hushuka kwa zaidi ya nusu. Ya kwanza haishuki kamwe, bali huongezeka kidogo. Basi mtu yeyote atakayekuambia kwamba dawa hii humhasi mwanamume, mlete kwangu nibishane naye hadharani. Mimi mwenyewe, kwa kuwa nimeanza kuota kipara cha Babu nikiwa na miaka ishirini na minane tu, hukata kidonge vipande vinne na kumeza kimoja kila siku. Sijaona dhara lolote.

Kuhusu daktari: namheshimu. Lakini yeye amefundishwa kisu, na aliyefundishwa kisu huona nyama kila mahali. Usimweleze habari za dawa hii, kwa maana ataikataza kwa sababu tu haikutoka mkononi mwake. Ipe miezi sita. Tezi itanywea yenyewe, nawe utalala usiku mzima.

Mwanao mtiifu,
Octavian


Mchombe
3 Machi 1996

Kwa Octavian,

YAH: KUPOKELEWA KWA DAWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Pakiti kumi na tatu zimepokelewa kutoka kwa Sista, zote zikiwa nzima.
2. Nimeanza kumeza tarehe 20 Februari, kila asubuhi baada ya uji.
3. Daktari hajaambiwa. Majirani nimewaambia ni vitamini.
4. Mpunga umesimama vizuri, ila ndege kweleakwelea wameanza kushuka. Mama yako anashinda shambani akipiga debe kuwafukuza.
5. Mzee Hermenegildi, mtani wetu, anakusalimu kwa matusi ambayo karani hawezi kuyaandika.

Mama yako hajambo. Mimi sijambo.

Ni mimi baba yako,
E. Lipangile
Karani (Mstaafu)


Mchombe
9 Juni 1996

Wewe Mndamba mla kambale uliyekimbilia kwenye barafu,

Mimi Hermenegildi, Mngoni halisi, niliyekata miwa jua kali huku baba yako amekaa kivulini na kalamu sikioni, nakuandikia kwa sababu mtumwa wangu ameharibika. Mwenye mtumwa ana haki ya kulalamika.

Babu zangu walipoingia bonde hili na mikuki waliondoka na wanawake wa Kindamba. Sasa naona hatukuwa na haja ya kuhangaika. Tungesubiri tu, wanaume wenyewe wangegeuka. Baba yako ameota matiti! Sisemi kitambi, nasema matiti. Na yanauma. Juzi tukipakia magunia nilimgusa kifua kwa bega, akapiga yowe kama mwali. Nikamwambia Mama Octavian amnunulie sidiria pale Ifakara. Akanijibu, "Mnunulie wewe, tena mchukue kabisa, maana kwangu siku hizi ni mgeni anayelala tu." Umesikia? Mmempa mtu dawa ya kukojoa, mmemwondolea na mengine.

Na hayo ni machache. Siku hizi anatembea ameshika kiuno kwa mikono miwili kama mwanamke wa miezi tisa. Namuuliza, "Egidius, mtoto ni wa nani?" Hacheki. Debe la mpunga limemshinda kulitia begani. Usiku anatembea nje mpaka mbwa wamechoka kumbwekea.

Alinikataza nisikuandikie habari zake, akaniapisha mbele ya msalaba. Nikaapa. Basi hizi si habari, huu ni utani. Nijibu upesi, kama huko Ulaya hawajakukata ulimi.

Bwana wako,
Hermenegildi


Utrecht
2 Julai 1996

Kwa Mzee Hermenegildi, mnywa ulanzi mashuhuri wa Songea,

Shikamoo, ijapokuwa ya shingo upande. Barua yako nimewasomea Watanzania wenzangu watatu hapa bwenini, tukacheka hadi mlinzi akagonga mlango. Kumbe Mngoni aliyepokonywa mkuki hubaki na mdomo!

Sasa nikujibu kama msomi, ingawa najua nalima kwenye jiwe. Testosteroni isiyogeuzwa kuwa ile homoni kali hubaki mwilini, na sehemu yake mwili huigeuza kuwa homoni ya kike, ambayo kila mwanamume anayo kwa kiasi, hata wewe. Ndiyo maana kifua cha mtu mmojammoja hujaa na kuuma. Si ugonjwa. Ni ushahidi kwamba dawa imefika kazini. Kuhusu kiuno, baba yangu ana miaka sitini na minne na anainama katika mpunga kutwa. Siku utakayomwona hakishiki kiuno chake, siku hiyo ndiyo uniandikie.

Acha nikupe siri nisiyoweza kumpa yeye. Ndani ya kila pakiti kulikuwa na karatasi ya maelezo, ya Kiingereza, yenye maandishi madogo pande zote mbili. Nilisoma upande wa kwanza. Upande huo unataja waziwazi nguvu za kiume, tendo la ndoa, na mambo mengine ambayo mtu hawezi kumkabidhi baba yake mzazi. Naye anasoma Kiingereza cha ofisini bila kukosea neno. Nilizichomoa karatasi zote kumi na tatu nikazitia kwenye droo. Wewe ni mtani, una ruhusa ya kuyasema yale yanayonifunga mimi mdomo. Basi mwambie, kwa njia yako ya kishenzi, kwamba hayo ya nyumbani yatapita.

Huru wako, kamwe si mtumwa,
Octavian


Mchombe
20 Januari 1997

Kwa Octavian,

YAH: MAJIBU YA DAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Ifakara kwa sababu Mama yako alilazimisha. Sababu ni kiuno.
2. Daktari alitaka tena kunipima kwa kidole. Nilikataa, kwa kuwa barua yako ilisema tezi itanywea yenyewe.
3. Akasema basi achukue damu, kwa kuwa Dar es Salaam sasa kuna kipimo cha damu cha tezi dume. Ilipelekwa.
4. Jibu ni 3.6. Kikomo cha usalama ni 4.
5. Daktari alisema tarakimu hiyo iko upande mzuri ila yeye hajaridhika. Akauliza kama nameza dawa yoyote. Nilijibu hapana.
6. Alinipa vidonge vya maumivu, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu.
7. Pakiti za awamu ya pili nimezipokea kwa posta. Ahsante.

Mkojo unatoka vizuri kuliko zamani. Mama yako hajambo. Mimi sijambo.

E. Lipangile
Karani (Mstaafu)


Utrecht
11 Februari 1997

Mpendwa Baba,

Shikamoo.

Tatu nukta sita! Nimeiandika ukutani juu ya meza yangu. Ulinifundisha kwamba watu hudanganya lakini mzani haudanganyi. Basi mzani umesema, na daktari ambaye "hajaridhika" anabishana na mzani. Aridhike au asiridhike, wewe ni mzima. Kama ungekubali kisu mwaka juzi, leo ungekuwa na kovu la bure.

Sioni haja ya kurudi kwake baada ya miezi mitatu. Endelea na dawa. Kiuno kisugue kwa mafuta ya moto na umpe Fredy, mtoto wa shangazi, kazi ya kubeba magunia.

Utafurahi kusikia kwamba hata utosi wangu umeanza kuota nywele. Wenzangu hapa maabara wananitania kwamba nimepata mchumba.

Mwanao,
Octavian


Mchombe
3 Agosti 1997

Octavian,

Nilikuwa na tusi zuri la kuanzia. Nimelitafuta tangu asubuhi, halipatikani.

Baba yako hatembei. Ilianza miguu kufa ganzi, akasema ni baridi. Jumatatu aliinuka kitandani akaanguka, hakuweza kuinuka tena. Tulimpakia kwenye pikapu ya mpunga, juu ya magunia, mimi na Fredy tukimshika ili asirukeruke, na barabara yetu unaijua. Hakulia. Ila alining'ata mkono, alama ninayo mpaka leo.

Ifakara walimpiga picha. Daktari alinionyesha kwenye taa: mifupa ya uti wa mgongo imetoboka kama mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Halafu akampima kwa kidole, maana mzee hakuwa na nguvu za kukataa. Akasema tezi ni ngumu kama jiwe. Ni saratani, imekwisha tembea. Akashika kichwa. Akasema, "Lakini damu yake ilikuwa nzuri. Damu yake ilikuwa nzuri kabisa." Akauliza tena habari ya dawa. Mimi nilikuwa nimeichukua pakiti nyumbani, nikaitoa mfukoni nikampa.

Hakugomba, Octavian. Aliketi. Aliigeuzageuza pakiti, akatazama ndani, akaniuliza, "Karatasi yake iko wapi?"

Nakuuliza wewe sasa. Kwenye karatasi ile kuna nini?

Kiapo changu nimekivunja, padri nitamwona mwenyewe. Mwaka jana nilipokuandikia kwamba anatembea kama mwenye mimba, nilikuwa nakuambia. Nilitumia mlango niliokuwa nao.

Hermenegildi


Utrecht
24 Agosti 1997

Mpendwa Baba,

Shikamoo.

Nakuandikia barua ambayo ungepaswa kuipata mwaka jana, na ambayo sikuwa na maarifa ya kuiandika, ijapokuwa maarifa yenyewe yalikuwa ndani ya droo yangu, chini ya vitabu vyangu, katika nakala kumi na tatu.

Ndani ya kila pakiti mlikuwa na karatasi. Niliichomoa kabla ya kukutumia, kwa kuwa upande wake wa kwanza ulizungumza mambo ambayo heshima iliyopo kati yangu na wewe haiwezi kuyabeba. Upande wa pili sikuusoma. Nilijiona nimekwisha kuijua dawa kuliko karatasi yake. Jana, baada ya kuipata barua ya Mzee Hermenegildi, niliusoma. Sentensi yenyewe ni fupi, haifiki hata mistari mitatu. Inasema kwamba dawa hii hushusha kwa kiasi cha nusu kile kinachopimwa katika damu, hata kwa mtu mwenye saratani, na kwamba mpimaji sharti aizidishe tarakimu mara mbili kabla ya kuiamini. Tatu nukta sita ilikuwa saba nukta mbili. Daktari hakukosea. Alipima kwa mzani ambao mimi nilikuwa nimeuwekea jiwe chini, na nikakuagiza usimwambie.

Nimejaribu kujitetea, maana unanijua, sijawahi kushindwa mjadala bila kupigana. Nimejiambia kwamba dawa haikuleta saratani. Kwamba pengine ilikuwepo siku ile ulipopanda basi la Mlimba. Kwamba hata kisu cha wakati ule huenda kisingeifikia. Huenda ni kweli. Lakini sina ushahidi wa hoja hizo. Ushahidi ungekuwa ni kile kipande cha nyama ambacho daktari alikitaka, nami nikakuandikia aya nzima ya kumkejeli. Dawa ile hupunguza uvimbe. Haitibu saratani, na hakuna kitabu kilichosema inatibu. Mimi ndiye niliyekuambia wewe ni mzima.

Sasa sikia, nakuomba. Saratani hii hula testosteroni. Dawa yangu haikuigusa testosteroni yenyewe, ilizuia tu isigeuzwe, nami nikajivunia jambo hilo, nikaahidi kubishana na yeyote atakayesema kwamba unahasiwa. Leo nabishana upande wa pili. Lililobaki ni kuiondoa testosteroni yote, na njia ya hakika inayopatikana Ifakara ni upasuaji wa kuondoa korodani zote mbili. Maumivu ya mifupa hupungua upesi, wakati mwingine ndani ya siku chache. Miguu sina uhakika nayo. Katika kurasa zinazofuata nimekuandikia hoja tano za kuukubali upasuaji na majibu ya vipingamizi unavyoweza kuwa navyo, kikiwemo cha Kanisa, ambacho nimekichunguza vizuri.

Nimeomba ruhusa ya kurejea. Wafadhili wamesema nisubiri hadi mitihani ya Novemba.

Nywele zangu zimeota zote, Baba. Kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo natamani kuzing'oa.

Mwanao,
Octavian


Ifakara, Wodi ya Wanaume
21 Septemba 1997

Octavian,

Barua yako imefika. Kurasa saba. Nimezisoma kwa siku tatu, kwa kuwa siwezi kushika karatasi juu muda mrefu. Samahani kwa mwandiko.

Upasuaji ulifanyika tarehe 2, kabla barua yako haijafika. Daktari aliniuliza kwa maneno machache, nikatia sahihi. Mama yako alikuwepo, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kesho wananirudisha Mchombe.

Kuhusu karatasi: ingekuwa ni mimi nampelekea baba yangu, nami ningeichomoa. Hilo usilibebe.

Kuhusu daktari: aliniuliza kwa kinywa chake, nikajibu hapana kwa kinywa changu. Uongo ule ni wangu. Nao usiuchukue, una mizigo ya kutosha.

Lakini kuna jambo moja. Mama yako aliniletea faili la barua zako, nimezipitia zote upya. Umenieleza homoni vizuri, naweza kumfundisha mtu. Umebishana na daktari, ukabishana na Mngoni, sasa unabishana na wewe mwenyewe. Hakuna barua hata moja ambamo uliniuliza naumwa wapi, kisha ukasubiri jibu. Pengine nisingekujibu ukweli. Mimi ni baba yako, ni lazima niseme sijambo. Lakini hukuuliza.

Egidius Lipangile


Utrecht
9 Oktoba 1997

Baba,

Shikamoo.

Unaumwa wapi? Mgongo unauma kiasi gani?

Nasubiri.

Octavian


Mchombe
9 Novemba 1997

Mwanangu Octavian,

Simu ya maandishi uliipata, basi unajua. Alikufa Jumanne alfajiri, tukamzika Jumatano. Mvua haijakoma tangu mwezi uliopita, barabara ya Mlimba imekatika mara tatu, kwa hiyo wengi wa Ifakara hawakufika. Daktari alifika, kwa treni, amevaa buti za mpira.

Sisi Wangoni tulifanya kazi yetu ya utani. Niliingia kaburini nikalala, nikasema sitoki mpaka Wandamba wanilipe kambale wawili, na mtumwa wangu asizikwe bila ruhusa yangu. Watu walicheka. Mama yako naye alicheka, ndipo akaweza kulia. Mimi nililala mle chini, nikatazama mvua inavyokuja usoni, nikaona ni vigumu kunyanyuka. Fredy ndiye aliyenivuta.

Barua yako ile fupi ililetwa Jumamosi, siku tatu kabla. Nilidhani kurasa nyingine zimedondoka njiani, nikaichungulia bahasha. Kisha nikamsomea. Alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Mama yako akamuuliza, "Baba Octavian, tumwandikie kwamba hujambo?" Akatikisa kichwa kukataa. Akaniambia nichukue kalamu na niandike maneno yake kama yalivyo, nisitie ya kwangu. Haya ndiyo niliyoandika:

"Unauma. Unauma sana, tangu masika ya mwaka jana, kuanzia kiunoni kupanda mpaka katikati ya mabega. Usiku ndiyo zaidi. Tangu wanikate umepungua, lakini haujaondoka. Naogopa."

Akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akasema, "Nisomee nihakikishe."

Nikamsomea.

Hermenegildi